Baridi Isikuone

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili asilaumiwe mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia Shangazi kwamba ile ni filamu ya mapenzi. Nililiona bango lake nikiwa napita haraka: mwanamke, mwanamume, na rangi nyekundu tele. Nikadhani ni maua. Kumbe ni damu.

Shangazi ni jirani yangu na ananiamini, maskini. Akanunua tiketi mbili, akamburuta binti wa kaka yake, akaenda amejipamba kama mtu anayekwenda kuona wenzake wakibusiana kwenye mvua. Yaliyofuata nimesimuliwa na wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na pale waliponificha nimejazia mwenyewe. Sikukosea sana.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Shangazi alikuwa na gauni la kijani lenye kung'aa na mkoba wa kulingana nalo. Binti alitoka moja kwa moja kazini, kwenye duka la miwani: gauni la bluu lenye vifungo mbele, viatu vya chini, kitambaa cha njano kichwani, na miwani ya fremu nyekundu iliyomfanya aonekane kama mtu anayekaribia kukuuliza swali gumu. Walipata viti safu ya pili. Safu ya kwanza, mbele yao kabisa, alikuwapo mwanamume mmoja mrefu aliyepiga magoti kwenye kiti chake, kaipa skrini mgongo, kidevu juu ya egemeo, anawaangalia watu.

Taa zilizimika. Yule mtu hakugeuka.

"Kaka, samahani," binti alimnong'oneza. "Filamu iko nyuma yako."

"Najua, dada."

"Sasa unaangalia nini?"

"Nyinyi."

"Shangazi, tuhame," binti alisema.

"Tuhamie wapi na pamejaa? Tulia, mapenzi yanaanza."

Mapenzi hayakuanza. Alianza Msafi. Huyu Msafi ni muuaji, lakini muuaji mwenye adabu zake: anakuja amevaa glovu, na ndoo na tambara mkononi, na kabla hajafanya lolote anamwambia mtu, kwa sauti nzito ya upole, "Samahani, sakafu itachafuka." Kisha inachafuka kweli. Kisha anapiga deki.

Ukumbi ulipagawa. Mlinzi wa benki, pande la mtu, bado na sare yake, alipiga yowe la mtoto na kumkumbatia mzee asiyemfahamu. Kijana mmoja alikuwa akimshauri marehemu mtarajiwa: "Usifungue! Usifungue mlango, mjinga wewe! Haya, amefungua." Mama mmoja nyuma, Msafi alipoanza kukamua tambara, alisema kwa sauti, "Angalau huyu anadeki. Wangu hata sahani haondoi mezani," na watu waliokuwa wanatetemeka wakaangua kicheko, kila mmoja kinywa kimejaa bisi.

Shangazi aliitazama filamu nzima kupitia upenyo wa vidole. Binti yeye alifumba macho mara tatu nne, na kila alipofumbua alimkuta yule mrefu anamtazama kwa makini, kama fundi anayesikiliza injini.

Walipotoka, akawafuata mpaka kwenye ukumbi wa mbele, katikati ya msongamano wa watu wanaohadithiana yale yale waliyoyaona wote.

"Dada, nina swali moja tu, kisha nakuacha. Ulifumba macho kabla kisu hakijatoka. Kila mara. Ulijuaje?"

"Sauti yake," binti alijibu. "Ilikuwa inapoa. Mtu akianza kukuongelesha taratibu namna ile, ujue kuna jambo."

Yule mtu akatabasamu uso mzima, kama aliyepewa zawadi. "Hicho ndicho nilichokuwa nataka kukijua. Unajua, mle kwenye chumba cha kurekodia niko peke yangu na kipaza sauti. Sijui kama sentensi imefika mpaka nizione nyuso za watu."

"Kurekodia nini?"

Alimgeukia Shangazi, akainama kwa heshima, na kwa sauti ileile ya filamu akasema, "Samahani, mama. Sakafu itachafuka."

Ikachafuka. Mfuko mzima wa bisi ulimwagika, na Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni.

Ndivyo walivyokutana. Filamu ilikuwa ya kigeni, na yeye ndiye aliyekuwa akimsemea Msafi kwa Kiswahili. Studio walimwita Besi, kwa ajili ya sauti, na mtu mpole kuliko huyo sijamwona: akigonga mguu wa meza anaiomba meza radhi.

Haikupita muda akaingia dukani kwa akina binti, alikotajiwa siku ile wakiokota bisi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, anafikicha macho yaliyokuwa hayana ugonjwa wowote.

"Naona ukungu, daktari."

"Mimi si daktari, mimi ni fundi miwani. Kaa hapo. Funika jicho la kushoto. Soma mstari wa chini."

Besi alikodoa. "N. I. P. E."

"Hakuna hizo."

"N. A. M. B. A."

Binti aliugeukia ukuta, akauangalia ubao wake wa herufi, akamgeukia tena. Alijitahidi kununa, ikamshinda. "Wewe huoni kabisa. Hali yako ni mbaya."

"Ndiyo nimekuja mapema kabla haijaenea."

Akapewa namba. Naye Besi akampa binti jina: Miwani.

Wakawa watu wa simu. Binti aliishi na baba yake, dereva wa treni ya mizigo aliyestaafu, mzee ambaye injini zilimwachia pensheni na masikio mabovu, kwa hiyo waliongea bila wasiwasi wa kusikiwa. Wasiwasi ulikuwa kwa majirani, maana Mzee akiuliza "UNAONGEA NA NANI?" mtaa mzima unataka kujua.

"Niambie umekula," Besi anasema.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula mkate na sauti yako."

"Hiyo umeitoa kwenye filamu gani?"

"Ya kwangu mwenyewe. Imekuwaje?"

"Irudie, haijafika."

Anairudia, na huku upande wa pili binti anajiziba mdomo na mto.

Jioni moja ya baridi, wakiagana, neno likamtoka binti bila kukusudia. "Haya, mpenzi. Funika miguu, baridi isikuone."

"Umesemaje?" Besi aliuliza.

"Hakuna. Nimezoea tu." Kisha baada ya kukohoa kidogo: "Mama alikuwa ananiambia hivyo kila siku ya maisha yake. Anazima taa, anashika vidole vya miguu yangu juu ya shuka, anasema. Alipofariki nilikuwa bado shuleni. Sijawahi kumwambia mtu mwingine."

"Niambie tena," Besi alisema.

Akamwambia tena. Tangu siku hiyo hawakuagana kwa maneno mengine.

Sasa sikieni balaa lilipoingia. Msafi alikuwa amependwa, kwa hiyo waliomtengeneza wakamtengeneza tena. Katika sehemu ya pili amebadilika kidogo: akishamaliza kazi yake anachukua blanketi, anamfunika marehemu vizuri, anamsemesha. Kwenye karatasi ya tafsiri liliandikwa neno moja tu: "Lala."

Besi alivaa visikizio, akaangalia skrini, akasema, "Lala."

Bosi wa studio aligonga kioo kilichowatenganisha. "Mdomo wa Msafi bado unatembea na wewe umeshanyamaza! Mtu anatafuna hewa. Ongeza maneno."

"Lala salama."

"Bado unatembea."

"Lala salama, ndugu yangu."

"Ndugu yangu! Amemkata koo sasa hivi! Hebu angalia mdomo wake, Besi. Usifikirie. Angalia mdomo tu."

Besi akaangalia mdomo. Muuaji aliinama, akavuta blanketi mpaka kwenye vidole vya marehemu, midomo ikaanza kucheza, na maneno yakatoka yenyewe, yakakaa juu ya ile midomo kama kofia juu ya kichwa chake.

Upande wa pili wa kioo fundi mitambo alijisugua mikono, vinyweleo vimesimama. "Hiyo," Bosi alisema polepole. "Hiyo hiyo."

"Hapana, bosi. Hiyo ifute. Si ya kazi, imeniponyoka."

"Nikifuta hiyo nifukuzwe mimi."

Angeweza kukazana. Angeweza kukaa chini na kukataa kuinuka. Lakini hakuna aliyewahi kuisifu sentensi yake kiasi kile, na sifa ni kitu kitamu jamani, inalainisha shingo. Akasema atamwambia Miwani. Kesho yake akasema kesho. Mwisho akajidanganya kwamba akiisikia mwenyewe ukumbini, watu wameguswa, atafurahi, itakuwa kama zawadi. Ni mtu wa sauti tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo.

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa, binti alivaa gauni jekundu na hereni za marehemu mama yake. Walikaa bega kwa bega. Ilipokaribia sehemu yenyewe Besi alishindwa kujizuia: akapiga magoti kwenye kiti, akageuka nyuma, kidevu juu ya egemeo.

Blanketi likavutwa. "Funika miguu," ukumbi mzima ukasikia, ile sauti nzito, ya upole, imepoa kabisa. "Baridi isikuone."

Besi aliona alichokuwa hajawahi kukiona. Watu mia kadhaa waliganda kwa pamoja. Kisha, safu hadi safu, wakaanza kuivuta miguu yao chini ya viti. Mwanamume alimtupia mkewe koti magotini bila kujua anafanya nini. Mtu mmoja akacheka kwa woga, mwingine akasema "Mama yangu!", kisha makofi yakapasuka. Besi alizisoma nyuso zote, moja baada ya nyingine, moyo umemjaa. Uso mmoja tu hakuuangalia, uliokuwa pembeni yake. Alipogeuka, kiti kilikuwa kinajikunja chenyewe.

Alimkuta nje, kwenye ngazi, anavua hereni.

"Miwani..."

"Walikupigia makofi."

"Mdomo ulikuwa unatembea, nikakosa..."

"Walicheka, Besi. Kuna mtu amecheka."

Akaondoka bila kugeuka.

Kama ingeishia kwenye ukumbi, labda. Lakini sentensi ikaingia mitaani. Wavulana wakitaniana mpirani, funika miguu. Mtu akimdai mwenzake, funika miguu. Muuza magazeti akikosa chenji, baridi isikuone, na kicheko. Bosi akabandika mabango mapya, na moja lilibandikwa mkabala na duka la miwani, herufi kubwa nyekundu kupita uso wa Msafi: FUNIKA MIGUU. Binti akiinua macho kutoka kwenye lenzi yoyote, liko pale.

Mteja mmoja, mwalimu mstaarabu tu, alijaribu miwani mbele ya kioo, akakunja uso, akasema kwa sauti nzito, "Funika miguu..." Akashangaa fundi wake anaingia chumba cha nyuma na hatoki.

Besi alikwenda kwa Bosi. "Tuibadilishe. Nitarekodi bure."

"Wewe una wazimu? Watu wanarudi mara ya pili kwa ajili ya sentensi hiyo tu."

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka jioni moja ikapokelewa.

"Miwani, nakuomba..."

"Usiongee."

"Nisikilize kidogo tu..."

"Nimesema usiongee! Nisikilize wewe." Alikuwa halii, ingekuwa nafuu angelia. "Unajua umechukua nini? Sura ya mama ninayo, iko ukutani. Sauti yake sina popote. Hakuna kaseti, hakuna simu, hakuna. Nilikuwa nayo ndani ya maneno yale tu. Nikiyasema, nilikuwa namsikia. Sasa nikiyasema nakusikia wewe, umevaa glovu. Hata sasa hivi ukiitika tu, anakuja yule mtu. Kwa hiyo usiitike."

Hakuitika. Walikaa hivyo, pumzi kwa pumzi, mpaka simu ikakatwa.

Besi akaanza kumwandikia. Hakutunga mashairi, msimfikirie hivyo. Aliandika, "Nimekosa." Siku nyingine, "Nilijua nakosa nikaendelea." Nyingine, "Wamenitaka sehemu ya tatu. Nimekataa."

Hiyo ya mwisho ikajibiwa: "Utakula nini?"

"Matangazo ya sabuni."

Muda ukapita, simu ikatetemeka tena. "Njoo dukani tukifunga. Lakini usiseme neno. Hata moja. Ukisema ninaondoka."

Akaja. Alisimama mlangoni na sweta la kijivu, amekonda kidogo, midomo ameibana kama mtu aliyekula ukwaju. Binti alimwangalia kuanzia juu mpaka chini. "Umekuja kweli."

Kichwa: ndiyo.

"Unaumia?"

Kichwa: ndiyo, sana.

"Vizuri. Nishikie hii ngazi nipange fremu za juu."

Basi wakawa hivyo. Mtu anayelipwa kwa ajili ya koo lake akawa anatembea na mpenzi wake mji mzima, kimya. Watu waliwapita wakidhani wamegombana. Walikuwa wanapatana. Binti alikuja kugundua kwamba Besi bila sauti ana mengi ambayo sauti ilikuwa imeyafunika: nyusi zake zinaongea, akiguswa na jambo anajikuna kisogo, akicheka bila sauti mabega yanapanda mpaka masikioni. Na, tuseme ukweli, alianza kuufaidi ule utawala.

"Gauni hili limenipendeza?" Kimya. "Nimenenepa?" Kimya chenye hofu. "Nani mzuri, mimi au yule mtangazaji wa taarifa ya habari? Kimya? Basi umekubali ni mimi. Nani alikosea, mimi au wewe? Kimya tena. Jamani, sijawahi kumpata mwanamume anayekubali makosa haraka hivi."

Mabega yakapanda mpaka masikioni.

Lakini maneno yale yeye mwenyewe alikuwa hajaweza kuyasema. Alijaribu kitandani, taa imezimwa, midomo ikafunguka na glovu zikaja. Akaifunga. Na siri nyingine ilimkaa rohoni: baba yake. Alikuwa amemficha Mzee habari zote za filamu. Redio ikitaja, anaizima. Majirani wakitaniana chini ya dirisha, anafunga dirisha. Alishukuru, kwa mara ya kwanza, yale masikio mabovu.

Shangazi ndiye aliyeharibu, au kutengeneza. Alikutana nao barabarani, akamsalimia Besi, akajibiwa kwa mkono kifuani na kichwa kuinama. Hakumtambua; siku ile ya bisi hakubakia kumwangalia. Akaenda mbio kwa kaka yake.

"Binti yako ana mchumba. Mtanashati, ana adabu, ila ni bubu."

"NI BABU WA NANI?"

"Bubu! Hasemi!"

Mzee alifikiri. "AFADHALI," alisema. "MIMI SISIKII. TUTAELEWANA. ALETWE."

Akaletwa alasiri ya Jumapili. Sebule ilikuwa imefagiliwa, vitambaa vya kufuma vimenyooshwa juu ya viti, na chai imo kwenye chupa kubwa. Binti alivaa gauni la zambarau. Besi alikuja na shati jeupe na mfuko wa matunda. Mzee, kwenye koti lake la zamani la reli lenye vifungo vya shaba, alimpokea kwa mikono yote miwili, kisha akaanza kumsemesha kwa ishara. Alijionyesha mwenyewe, akaonyesha kiti, akajifanya anakunywa, akainua nyusi.

Besi akaitikia kwa kichwa.

"UNAONA?" Mzee alimwambia dada yake. "MTU MWELEWA."

Akaendelea: akaendesha treni ya hewani, akavuta honi, akahesabu vidole kuonyesha miaka ya kazi. Besi alipiga makofi bila sauti. Binti alikuwa ameficha uso kwenye kikombe.

Kisha Mzee akatulia. Akamwonyesha binti yake kwa kidole, akaweka mkono juu ya moyo wake mwenyewe, akauelekeza kwa Besi, akabaki ameuning'iniza hewani. Swali lilikuwa wazi kuliko kama lingeulizwa kwa mdomo.

Besi alimgeukia Miwani. Angeweza kuitikia kwa kichwa. Lakini kuna mambo ukiyajibu kwa kichwa tu unakuwa kama umeyakopa. Alimtazama, akangoja.

Binti aliweka kikombe chini. Alijua Besi akisema neno moja, ile sauti itaingia nyumba hii, nyumba ya mama, na baba ataisikia. Aliuangalia ule uso alioujifunza wiki nyingi bila sauti. Hakumwona mtu wa glovu. Lakini akifungua mdomo?

"Sema," alimwambia.

"Ndiyo, Mzee," Besi alisema, na sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa. "Nampenda. Nimemkosea, na bado nampenda."

Shangazi alipiga yowe. "Anaongea! Na ni yule wa bisi!"

Mzee hakupiga yowe. Aliweka kiganja nyuma ya sikio, taratibu. "Rudia."

"Nampenda, Mzee."

"Ni wewe," Mzee alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Wewe ndiye wa ile filamu."

Binti akainuka, akamsogelea sikioni. "Baba, filamu gani? Wewe umejuaje..."

"Kaa hapa karibu, mwanangu. Unafunga madirisha, unazima redio, unadhani mimi nimekufa? Mtoto wa hapo jirani aliyatamka maneno ya mke wangu chini ya dirisha langu, amepaza sauti nzito ya kuigiza. Nikamuuliza umeyatoa wapi. Nikavaa koti langu, nikaenda."

"Peke yako?"

"Nikakate tiketi na nani? Mauaji yenyewe sikuyaelewa, watu wanakimbizana tu, sisikii wanasema nini. Lakini huyu," akamwonyesha Besi, "huyu nilimsikia. Sauti yake iko chini, kama injini. Ndiyo iliyobaki masikioni mwangu. Akavuta blanketi, akasema, na mimi nikajibu."

"Ulijibu nini?"

"Nilichojibu siku zote. Ukumbi mzima uligeuka. Kijana mmoja mbele yangu akanipigia kelele, 'Mzee, haongei na wewe.' Nikamwambia, 'Utajuaje?'"

Shangazi alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Baba," binti alisema. "Mama alikuwa ananiambia mimi."

"Wewe ulikuwa unaambiwa kwanza. Ukishalala, mlango unafungwa, anakuja chumbani, ananiambia mimi. Nilikuwa mrefu, blanketi lilikuwa fupi. 'Funika miguu, baridi isikuone.' Na mimi namjibu, 'Ikiniona, tutagawana.'"

Binti akaushika mkono wa koti la reli.

"Kila siku," Mzee alisema. "Na kila siku anacheka, kana kwamba hajawahi kuisikia."

Na binti akakisikia. Kilipita kwenye ukuta, kutoka miaka ile, kile kicheko kilichokuwa kinamfikia akiwa nusu usingizini, na hakuwahi kujua kinachekea nini. Kicheko kifupi cha mwanamke aliyechoka, kinachoanzia puani. Hakikuwa na glovu. Msafi hakuwa na habari nacho, ukumbi wowote haukuwa na habari nacho.

"Ikiniona, tutagawana," alijaribu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chai. Machozi yalimtoka akiwa anacheka, na kicheko chake kilianzia puani.

Besi alichutama mbele ya kiti chake. "Niondoke?"

"Uende wapi?" Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, akamwangalia vizuri. "Ulikuja kumwambia baba neno gani? Limalizie."

"Nikuoe," Besi alisema. "Kama utaweza kunisikia maisha yako yote."

"Nitajitahidi. Lakini nyumbani kwangu hakuna sehemu ya tatu."

"Hakuna."

"Na ile sentensi hutaisema tena."

"Sitaisema."

"Basi nimekubali, mpenzi." Na alipomshika mkono, Shangazi alianza kupiga vigelegele, akakatisha katikati ili aulize kama harusi itakuwa na bisi.

Chai ikamiminwa. Matunda yakakatwa. Besi aliongea, kidogo kidogo, na kila alipoongea binti alimtegea sikio, akasubiri, hakuona mtu mwingine anakuja. Akakata kipande kingine cha tunda. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira.

Mzee alikuwa anazungusha kifungo kimoja cha shaba kwenye koti lake. Kisha akainua kichwa.

"Ile filamu wanaionyesha tena kesho mchana," alisema. "Nilipita nikauliza. Mwisho wa wiki wanaiondoa."

Kisu kilisimama juu ya tunda. Besi aliangalia mikono yake. Shangazi aliangalia zulia.

"Safari hii ningependa kukaa mbele, nimsikie vizuri," Mzee alisema. "Nani atanisindikiza?"